Faili ya Hodo

Kyule, dereva wa kanisa, alikuwa ameuchomoa ufunguo na kuuinua juu ili kila mtu auone, na gari bado lilikuwa linanguruma.

"Nimezima!" akapiga kelele. "Ndinda, angalia, si nimezima!"

Tulikuwa tumekwama katikati ya kilima, tukitoka Kalamba kwenda Matiliku, kwaya ya akina mama na mimi niliyekuwa nimeomba lifti. Moshi mweupe ulitoka nyuma kwa wingi hata mashamba ya mbaazi ya pande zote mbili yakapotea. Mngurumo ule ulikuwa unageuka kuwa kilio chembamba, kinapanda, kinazidi kupanda, kama mtu anayeitwa na kitu asichoweza kukikataa. Akina mama walikuwa wanasukumana mlangoni. Kavindu, mwenye sauti ya pili, alikuwa amesharuka kabla gari halijasimama, na sasa alikuwa amelala kwenye mchanga wa kando ya barabara, mguu wake umekaa vile mguu haupaswi kukaa.

Injini ya dizeli haingoji cheche. Ikipata hewa na chochote cha kuchoma, inachoma. Turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, ikivunjika ndani, oili inavuja na kuingia kwenye njia ya hewa, na injini inaanza kujinywa yenyewe. Ufunguo hapo ni pambo tu. Nilimwambia Kyule aweke gia kubwa, aibane injini kwa breki mpaka ife. Klachi ikateleza, ikanuka, ikashindwa. Nikainua kiti cha mbele, injini ikanipulizia joto usoni. Nikang'oa bomba la hewa, nikamnyang'anya mama mmoja joho lake la kwaya, nikalikunja na kuuziba mdomo wa lile bomba kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kilivutwa kama kimeshikwa na meno. Injini ikakohoa. Ikatetemeka. Ikanyamaza.

Kilichosikika baadaye ni Kavindu, akilia polepole kwa Kikamba, akimwita mama yake aliyekufa zamani.

Tulipokwisha kumpakia kwenye gari la msamaria mmoja ili ampeleke hospitali, Pasta Munyao, aliyekuwa akitufuata kwa pikipiki, alinijia akijipangusa jasho. Ni mtu mpole. Aliongea kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Ndinda, si ni wewe ulitengeneza hii gari?"

"Mimi?"

"Mwenzako Musembi alituambia ni mkono wako. Kwamba umeipima mwenyewe, ukaiongezea nguvu ya milima. Hata tulikuombea Jumapili, tukamshukuru Mungu kwa ajili yako."

Mwaitu, mama yangu mzazi, alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kitabu cha nyimbo. Alikuwa akinitazama.

Musembi na mimi tulizaliwa mgongo mmoja wa kilima, boma lao likipakana na letu. Tulisomea umakanika chuo kimoja, na tulipofungua gereji yetu pale mjini Wote, hakuna aliyeuliza nani atafanya nini. Yeye alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na masikio. Siku hizi nguvu ya gari haikai kwenye chuma peke yake; inakaa kwenye kompyuta yake, katika faili inayoiambia injini imwage mafuta kiasi gani na turbo isukume hewa kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa kuziandika upya faili hizo. Kazi yake ilikuwa kuwaelezea watu kwa nini wanazihitaji.

Na alijua kueleza. "Mzee, kuna faili ya dukani na kuna ya kushonewa," angesema, mkono begani mwa mteja. "Ya dukani ni kama suti ya kuning'inia. Imekatwa kwa mtu ambaye fundi hakumwona. Ukibahatika, itakukaa. Lakini huyu Ndinda," na hapo angenielekeza kwa kidevu, "huyu anapima. Kifua chako, bega lako, hata hilo tumbo unaficha." Watu wangecheka. Nami nilicheka kila mara, ingawa nilikuwa nimeusikia utani huo mpaka naujua kwa pumzi zake.

Mwaka mmoja kabla ya kilima kile, alikuja mwanamke kutoka Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Aliitwa Hodo. Alikuwa akibeba maziwa ya ngamia kwa pikapu mpaka Mwingi, na maziwa hayamngoji mtu. Pikapu yake ilifungwa turbo kubwa na mtu wa Nairobi, ikawekwa faili ya dukani, na tangu siku hiyo ilikuwa inachemka njiani. Nilienda kwake. Nilikaa naye siku nyingi, yeye akiendesha, mimi kando yake, kompyuta magotini, waya umeingia chini ya usukani. Tulivuka malaga, ile mito mikavu ya mchanga, tukiwa na mzigo na bila mzigo. Tuliendesha jua likiwa utosini, na alfajiri chuma kikiwa baridi. Nilikuwa nabadilisha kidogo, namwambia, "Sasa twende," naye anaenda, na tunasikiliza pamoja. Jioni bintiye Nadifa alituletea chai yenye tangawizi nyingi, tukainywa tumekaa kwenye mkeka, hatuna la kuongeza.

Siku ya mwisho Hodo aliniuliza, akiniita dada kwa Kisomali, "Abaayo, hii ni yangu peke yangu?"

"Ni ya gari lako," nikamwambia. "Haiwezi kumfaa mwingine."

Nilirudi Wote na kazi ile nikaiona nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuifanya. Nilimwonyesha Musembi. Nani mwingine ningemwonyesha? Aliitazama kwa muda, akapiga mluzi, akasema, "Hii, Ndinda, hii ni dhahabu." Nilifurahi. Nilifikiri anaisifu.

Gari la kanisa lilivutwa mpaka gereji kesho yake. Musembi alikuwa ameenda Nairobi kutafuta spea. Nilichomeka waya, nikafungua, na sikuhitaji kusoma sana. Mtu huujua mwandiko wake. Palikuwa na mahali ambapo nilikuwa nimezuia nguvu injini ikizunguka polepole, ili magurudumu ya Hodo yasichimbe mchanga wa laga, kisha nikaiachilia yote kwa mpigo ili itoke upande wa pili. Kati ya Kalamba na Matiliku hakuna laga ya kuvuka. Kuna kilima, na abiria, na turbo ndogo iliyozeeka, iliyoambiwa isukume hewa kama ile kubwa. Ilijaribu. Ilitii mpaka ikapasuka.

Musembi aliporudi, alikuta nimekaa kwenye ngazi ya gari, waya bado umening'inia. Akaelewa. Akaanza kunawa mikono, ingawa haikuwa na grisi.

"Ulimwekea pasta faili ya Hodo."

"Injini ni ile ile, Ndinda. Ni ndugu kabisa."

"Turbo si ile."

"Ilikuwa inaenda poa. Kyule mwenyewe alisema inapanda kama imechapwa."

"Na ulisema ni mimi niliyeipima."

Alifunga mfereji. "Sasa ningesema ni nani? Wewe ulikuwa umeenda Makindu, na pasta alikuwa na haraka. Watu wanakuamini wewe. Mimi wananipenda tu."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake.

"Ni gari la kanisa peke yake?" nikamuuliza. "Ama umewauzia wengine?"

Macho yake yakapanda kwenye mabati, midomo ikaanza kusogea kidogo kidogo, akikumbuka majina.

"Acha," nikasema. "Usihesabu."

Bado nilikuwa na imani naye. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka. Nilijua alichofanya, na bado nilikuwa na hakika kwamba akisimama mbele ya watu wetu ataweka mambo sawa, kwa sababu alikuwa Musembi, na mdomo wake haukuwahi kushindwa kutuokoa.

Jumapili, baada ya ibada, wazee walituita nje, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Kavindu alikuwa bado hospitali, nyonga imefungwa vyuma. Watoto wake walikuwepo. Mama yangu alikuwepo, na mama yake Musembi, wamekaa benchi moja kama walivyokaa miaka yote. Pasta Munyao aliomba, kisha akamgeukia Musembi.

"Tueleze, kijana wetu. Ni nini kilitokea na ile gari?"

Nilimtazama. Nilikuwa nangoja sentensi moja tu, fupi: *Ndinda hakuigusa.* Ingemchukua pumzi moja.

Musembi alivua kofia. "Baba Pasta, wazee, mama zangu," akasema, na sauti yake ikatetemeka, na ninaamini ilitetemeka kweli. "Mimi na Ndinda ni kitu kimoja. Tulianza pamoja. Kosa la mmoja ni letu sote. Sitasimama hapa nimnyooshee mwenzangu kidole. Tumekosa. Tunaomba mtusamehe."

Watu walivuta pumzi. Mama yake akasema, "Amina," akifuta macho kwa leso. Mzee mmoja alitikisa kichwa polepole, ameguswa. Mimi niliona sentensi ile ikifunga kama mlango, taratibu, bila kelele, nami niko ndani.

"Mimi sikuigusa hiyo gari," nikasema.

Leso ya mama yake Musembi ikasimama shavuni.

"Sikuigusa. Sikujua. Alichukua kazi niliyomfanyia mtu mwingine akaiweka, akawaambia ni—"

"Ndinda." Alikuwa Kaveke, kiongozi wa kwaya, aliyenifundisha kuimba nikiwa mtoto. "Mwenzako amejinyenyekeza akakufunika. Na wewe bado unajitetea?"

Nilitafuta uso mmoja. Binti mkubwa wa Kavindu alikuwa akitazama viatu vyake. Musembi naye alinitazama kwa upole, kwa huruma hata, kama mtu anayemsihi rafiki asizidi kujiumiza. Nikanyamaza. Ukweli wangu ulikuwa umeshavishwa nguo ya kiburi, na kila neno lingeongeza kifungo.

Nyumbani, Mwaitu alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe, akaketi mbele yangu asile.

"Mimi nakuamini," akasema hatimaye. "Najua hukuigusa."

"Kwa nini hukusema?"

Alipanga kijiko, akakipanga tena. "Mama Musembi ni jirani yangu, Ndinda. Nitazeekea kando ya nani? Si ungenyamaza tu, iishe. Ilikuwa imeshaisha."

Nilikula, kwa sababu alikuwa amepika.

Nilihama Wote bila kuaga. Kabla ya kupangisha mahali pengine popote, nilienda Tseikuru, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja niliyemwahidi jambo. Hodo alikuwa akiosha mitungi ya maziwa kwa moshi, Nadifa akimshikia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuniambia nikae mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema. "Kuna mtu huko Mwingi, anabeba mbuzi. Alikuja kunionyesha pikapu yake. Akaniambia, 'Nimewekewa ile ya Hodo.' Jina langu, abaayo. Anauziwa kwa jina langu."

"Ulifikiri ni mimi?"

"Nilifikiri." Aligeuza mtungi, akaunusa ndani. "Nikasema nitangoja. Usipokuja, ni wewe. Siku nyingi nilikuwa nakasirika kila gari likipita bila kusimama."

Kisha akamtuma Nadifa kuchemsha chai. Hapo ndipo nililia, si kule kanisani, na Hodo aliendelea kuosha mitungi yake akiniacha nilie, jambo ambalo ni heshima kubwa kuliko kubembelezwa.

Sasa nina gereji ndogo Mwingi. Kazi ipo. Wengi huja na magari yaliyotiwa faili za watu wasiowajua, nami nawaambia waketi, waendeshe, tusikilize kwanza. Sina mtu wa kunisemea. Maneno nimejifunza mwenyewe, machache.

Mwezi jana Musembi alikuja. Sikumtarajia. Aliegesha nje, akaingia huku akitabasamu, amenenepa kidogo, akatazama kuta zangu na kuzisifu moja moja. Nilimwekea chai kwa sababu mikono yangu iliiweka kabla sijaamua. Aliniambia Kavindu anatembea na fimbo, na kwamba amerudi kwenye kwaya ila anaimba ameketi. Kanisa lilinunua injini nyingine. Mama yake anaumwa miguu.

"Wanakuuliza sana," akasema. "Mimi huwaambia uko salama."

Nilikuwa nangoja. Nilimwona akiinama mbele, viwiko magotini, nikaweka kikombe changu chini, maana nilikuwa nimelingoja neno la kuomba msamaha muda mrefu kuliko nilivyotaka kukiri, na nilikuwa bado sijui nitalijibuje.

"Nina mteja," akasema. "Gari yake ni ya petroli, turbo mbili, anataka ya kushonewa kabisa, hataki ya dukani. Mimi hizo siziwezi, unajua. Ungekuja siku moja tu, Ndinda. Vile tulikuwa tunafanya."

Nilimtazama usoni. Nilitafuta aibu, ujanja, chochote. Palikuwa na uso ule ule wa ng'ambo ya ua, ukingoja nikubali. Nikaelewa kwamba kwake yeye hatukuwahi kuachana. Mimi nilisafiri tu, nikakawia.

"Hapana, Musembi."

"Hata ukiwa na nafasi?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa, bila kinyongo. "Haya. Nitamtafutia ya dukani."

Akainuka, akaosha kikombe chake kwenye mfereji, akakigeuza na kukilaza kando ya changu. Mlangoni akaniuliza kama mvua imeanza upande wa Migwani.

Nikamwambia bado.