Neno Juu ya Jina la Yuande

Fundi Suo alishusha brashi. Wafalme kumi wa kuzimu walikuwa tayari ukutani, wamenuna kila mmoja mezani pake. Chini yao tulichorwa kwa safu sisi tuliochimbisha pango hili la ibada: mume wangu, mimi, na mwanetu Yuande, aliyekwenda vitani Ganzhou asirudi. Kando ya kichwa chake palibaki patupu.

"Niandike marehemu, au jina tu?" fundi aliuliza. "Kesho narudi Shazhou, mama."

Kitabu cha hukumu za wafalme hao hakikuandikwa kwa ajili ya watawa. Ni chetu sisi wenye jiko na watoto. Mimi kusoma sijui, nilikielewa ukutani: maiti huhukumiwa kila siku ya saba, mara saba, kisha siku ya mia, mwaka, na mwaka wa tatu. Ambaye watu wake wamemtolea sadaka hupita mbele yao amevaa nguo. Aliyesahauliwa hupita uchi, shingo ndani ya ubao wa wafungwa. Sadaka zote hizo nilikuwa nimezikataa. Ningemlishaje mwanangu chakula cha wafu?

"Mama Yuande," mume wangu alisema, "mwaka wa tatu ndio huu. Huyu wa kumi akishahukumu, basi tena."

"Na kama yu hai?"

"Aliye hai angeleta hata salamu. Unamwacha mtoto asimame pale mikono mitupu kwa ubishi wako?"

Niliutazama ule ubao wa shingoni, moyo ukanikatika. "Andika marehemu," nikasema. Neno nililitoa mimi, kwa kinywa changu.

Tulitoa sadaka zote kwa mpigo, tukachoma nguo zake, tukaanua matanga. Hiyo ilikuwa masika.

Baridi ilipokaribia kwisha, mchuuzi mmoja wa msafara wa ngamia alituletea mkanda wa Yuande. Mwanetu alikuwa mateka miaka yote ile. Aliachiwa kiangazi, akaugua njiani akija nyumbani, akafa mwezi wa nane.

Mume wangu aliukunja mkanda, akaukunjua. "Basi neno ni kweli sasa," alisema. "Halina haja ya kufutwa."

Siku zake za saba zilikuwa zimepita zote, na ya mia pia, bila hata punje ya mtama, maana sadaka zake sisi tulishazimaliza kabla hajafa. Ile siku ya saba ya kwanza iliangukia arusi ya mpwa wangu. Nilikula mabakuli mawili ya tambi, na wanawake wenzangu wakafurahi kuona nimepata nafuu.