Kanga Nyekundu za Mtani

Enzi za Mwingereza, pale Keko, Salumu Mzaramo na Kasiani Mnyamwezi walikuwa na viduka vya nguo vinavyotazamana, njia tu katikati. Wote wakichukua mali kauli kwa Wahindi mjini, wauze kwanza ndo walipe. Tena watani, kama walivyo Mzaramo na Mnyamwezi toka zamani. Basi asubuhi Salumu hajafungua mlango vizuri, keshaitwa.

"We mtumwa wangu, umeamka? Nilidhani ngoma ya jana imekuua, nirithi duka."

"Mpagazi wewe utarithi duka? Si utalibeba kichwani uende nalo Tabora."

Watu wanacheka, wanasogea, na mtu akishasogea hakosi kununua. Nguo zenyewe zilikuwa zilezile, marekani, kaniki, kanga. Kilichouza mdomo.

Mwaka mmoja, Idi inakaribia, Kasiani akaleta kanga nyekundu, nyekundu ya kukoza, haijapata kuonekana Keko. Wanawake wote wakavuka njia. Salumu akabaki anapangusa vumbi kwenye majora yake, weee, mpaka akachoka. Akapaza sauti.

"Mabibi, hiyo ya Mnyamwezi msiiloweke na kanzu za waume zenu. Watakwenda kuswali Idi wekundu kama nyanya."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kasiani naye akacheka. Lakini mama mmoja akairudisha doti aliyokuwa kaishika, na Salumu akamwona. Kesho yake akasema tena, na keshokutwa, na sasa akisema hamtazami Kasiani, anatazama wateja.

Na kanga ile haikuchuja hata kidogo. Salumu alijua. Mkewe, Mwajabu, alikuwa kainunua kwa siri, kaifua, maji yametoka meupe, akamwonyesha.

"Ianike ndani," Salumu akamwambia.

"Ndani, na jua lote lile?"

"Ianike ndani, mama."

Mwajabu akamtazama. Akaitundika chumbani, ikakaa inanuka unyevu.

Kasiani angefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Ukinuna watu watasema huna utu, utani umekushinda. Na ukicheka, ndo unamsaidia kukuua. Basi yeye akawa anacheka tu, kila siku anacheka, huku majora yamejaa mpaka darini. Idi ikapita. Mhindi akaja kuchukua mali yake, na Kasiani akaamua kurudi kwao.

Salumu alipomwona anafunga mizigo, akavuka njia. Watu nao wakasogea, wameshaanza kutabasamu. Alitaka atukanwe tu, aitwe mtumwa, aambiwe lolote lile, ajue mambo bado ni yaleyale.

"Mpagazi," akaanza, "leo mzigo unabeba wa nani?"

Kasiani akainuka, akajifuta mikono kwenye shuka, akampa mkono kwa adabu kabisa, kama mtu anavyompa mkono karani wa boma.

"Kwaheri, Bwana Salumu," akasema. "Nisalimie nyumbani."

Akajitwika mizigo, akashika njia ya stesheni. Wale waliosogea kucheka wakatazamana, wakaanza kutawanyika mmojammoja. Salumu akabaki palepale mbele ya mlango wa mtu, hajui arudi kwake au asimame.