Sauti Juu ya Jiwe

Ukungu ulishuka Hsiu-luan akiwa amechuchumaa nyuma ya mianzi. Alibanwa na haja njiani, akawaambia wenzake watangulie, angewakuta pale wanapopumzikia kunywa chai. Bibi mzima na wajukuu wake hasubiriwi chooni, au siyo? Alipoinuka na kufunga suruali, njia ilikuwa imemezwa. Akaona kitambaa chekundu kimefungwa tawini, akakifuata, kisha kingine, na kingine. Kila chama cha wapanda milima cha Taipei hufunga vitambaa vyake, na vyama vyenyewe ni vingi kuliko njia. Hivi havikuwa vya chama chake. Alipong'amua hilo alikuwa ameshateleza kwenye mzizi, akaserereka hadi chini ya jiwe kubwa, na kifundo cha mguu kikaumuka kama andazi.

Simu haikushika mtandao. Alipiga kelele hadi koo likamkauka, kisha akanyamaza, akaanza kuogopa. Mbele yake, hatua chache tu, ardhi ilikatika. Korongo hakuliona, ila aliyasikia maji yake huko chini.

Sasa nikwambie habari ya majina. Katika chama chao hakuna anayeitwa jina lake akiwa mlimani. Kiongozi wao ni Mzee Nyigu, maana nyigu waliwahi kumuuma hadi akafura uso, na Hsiu-luan ni Tangawizi, kwa ajili ya chupa yake ya chai. Kisa ni mosina, jini la milima ile. Likilidaka jina lako kamili, hukuita nalo kwa sauti ya mtu umpendaye. Ukiitika, umekwisha. Bibi yake alimsimulia juu ya mjomba mmoja aliyeitika: walimkuta siku kadhaa baadaye amekaa juu ya mti, anatabasamu, kinywa kimejaa matope na miguu ya panzi, anasema ameshiba keki. Wewe cheka tu. Teng-fa, mumewe, alicheka pia.

"Jini gani lihangaike na wewe?" alimwambia asubuhi ile, huku akichua dawa kwenye goti lake bovu. "Likikusikia unavyokoroma litakurudisha lenyewe, na nauli juu."

"Cheka, mzee. Ndiyo maana hupandi."

"Sipandi kwa sababu ya goti, mama. Usinizushie."

Mama. Tangu mtoto wao Kuang azaliwe, hakuwahi kumwita vingine.

Kwa hiyo jua lilipoanza kufifia na sauti ikatoka juu yake kwenye ukungu, ikiita "Kuo Hsiu-luan", nywele zilimsimama. Sauti ni ya Teng-fa. Kikohozi ni cha Teng-fa. Lakini Teng-fa yuko mjini, ana goti, hajakanyaga mlima miaka mingi, na hamwiti mkewe kwa jina na ukoo kama karani wa hospitali. Akajibana kwenye jiwe.

"Kuo Hsiu-luan, uko wapi? Nijibu basi."

Jamani, alitaka kujibu. Ulimi ulikuwa umeshainuka, akaung'ata. Akamwomba kimoyomoyo Mama Guanyin, mungu wa huruma, alifukuze jini lile.

Sauti ilisogea. Akasikia nyayo, mguu mmoja mzito, mmoja wa kuburuta. Hata mwendo wake limeuiga, aliwaza. Nyayo zilifika juu ya jiwe lake hasa, mchanga ukamdondokea begani.

"Mama," ikasema ile sauti, sasa kwa chini, kama ya mtu anayezungumza peke yake. "Mama wee, usinifanyie hivi. Nitamwambia nini Kuang?"

Hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wote. Jini limejua hadi jina la mwanawe. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akafumba macho. Nyayo zikapita, zikaelekea kule maji yaliposikika. Moyo ukamwambia, mwonye. Ulimwambia wazi kabisa, naye akaubishia. Jini halionywi.

Mawe yakaporomoka. Ukasikika ukelele mfupi, kisha maji tu.

Alikaa pale pale, akajipongeza, maana hakuitika.

Giza lilikuwa halijaingia vizuri waokoaji walipotokea na kurunzi zao, Mzee Nyigu akiwa mbele, anaita Tangawizi, Tangawizi wee. Akaitika kwa nguvu zake zote, huku analia. Walimfunga kamba, wakampandisha, wakamviringisha kwenye blanketi.

"Pole, dada. Umetutoa roho," alisema Mzee Nyigu. Akaangaza huku na huku. "Shemeji yuko wapi?"

"Shemeji gani?"

"Mumeo. Nilimpigia simu, akaja na teksi hadi mwanzo wa njia. Nikamwambia angojee watu wa kamba, akakataa katakata. Anasema mke wangu anaogopa giza. Nikamwambia basi walau uite Tangawizi, akaniambia yeye hakuoa tangawizi, ameoa mtu mwenye jina. Hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukamjibu nini?"

Hsiu-luan alinyoosha kidole kuelekea kwenye maji. Mzee Nyigu, ambaye ndiye aliyewafundisha wote sheria ya majina, akawaashiria watu wa kamba.

Mwokoaji mmoja akashuka korongoni kwa kamba. Hsiu-luan akaanza kuita. Aliita "Mzee," akaita "Baba Kuang," kisha akaita jina lote, Chuang Teng-fa, Chuang Teng-fa, wala hakujali tena nani mwingine anasikia. Ilibidi wamshike ili asiserereke tena.

Kamba ikalegea. Walingoja. Kisha sauti ya mwokoaji ikapanda kutoka chini, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza vifaa vyake.

"Leteni machela. Taratibu tu, huku kunateleza. Hakuna haraka."

"Mbona anasema hakuna haraka?" aliuliza Hsiu-luan. Akamgeukia Mzee Nyigu, akamkamata koti. "Mzee Nyigu, mbona anasema hakuna haraka?"

Mzee Nyigu akamgeuza, asiione machela ikishushwa korongoni.