Utabiri wa Hali ya Hewa Katikati ya Dansi

Bisibisi alikuwa haogopi umeme. Miaka ishirini na mitano ya kufungua redio, televisheni na deki, alishapigwa shoti mpaka akazizoea kama shemeji wakorofi. Duniani alimwogopa mtu mmoja tu, Mwalimu, aliyemfundisha kusoma darasa la pili. Mwalimu alishastaafu, anatembelea mkongojo, lakini akitokea tu, Bisibisi, mtu mzima na kitambi chake, huficha mikono nyuma.

Basi ndiye huyo aliyeingia kibandani kwa Bisibisi Jumatatu na kanda ya video kwenye mfuko. Na filamu iliyokuwamo unaijua, usijifanye. Ni ile ya kijana anayefeli mtihani makusudi ili arudie darasa, akae dawati moja na binti wa mwoka mikate. Ina zaidi ya miaka thelathini. Waigizaji wake sasa wana wajukuu, lakini ikianza mahali popote hakuna anayenyanyuka kwenda chooni. Binti yake Bisibisi, aliyezaliwa filamu imeshazeeka, anayo kwenye simu na anajua kila neno. Watu huuliza kwa nini haichoshi. Jamani, kila mtu aliwahi kuwa na miaka kumi na sita, akampenda mtu asiyejua hata jina lake, na kwenye filamu ile mtu huyo anageuka na kumwona. Hapo profesa wa nini?

Mwalimu alitaka ihamishiwe kwenye flashi kabla haijaoza, aendelee kuitazama na mdogo wake. Mdogo wake huyo mtaa mzima unamwita Nesi, maana nusu ya makalio ya mtaa aliyachoma sindano yeye. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Alikuwa hamjui hata dada yake aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Alimwita mpangaji, na siku nyingine alimdai kodi.

Bisibisi alijaribu kusema kwamba filamu hiyo safi kabisa ipo tele, angemwekea bila taabu. Mwalimu akamtazama juu ya miwani, akasema anataka hii yake. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyosema, lakini mbele ya mama yule kuuliza kulikuwa ujinga tangu darasa la pili, kwa hiyo Bisibisi akafunga mdomo.

Jumanne akaanza kazi. Filamu ilikwenda vizuri mpaka kwenye dansi la shule, pale kijana anapovuka ukumbi mzima, watu wote wakimtazama, akamwombe binti mkono. Kufika katikati ya ukumbi, kwisha. Badala ya kijana akatokea bwana mmoja wa televisheni ya zamani, tai nene kama taulo, akitabiri hali ya hewa. Sekunde arobaini za manyunyu na miavuli, halafu filamu ikarudi, wapenzi wameshaanza kucheza. Ilionekana wazi kwamba zamani mtu alibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya, akarekodi juu yake.

Utepe mahali pale ulikuwa umechakaa kuliko kwingine kote, dalili ya kurudishwa nyuma mara maelfu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Lakini fundi akiona ubovu, haoni kingine. Alisimamisha kurekodi, akapapitisha pale mara kumi, kumi na moja, akinyoosha picha, hadi akawa anafuatisha maneno ya yule bwana bila kujijua. Mara ya kumi na mbili deki ikautafuna utepe. Basi akakikata kile kipande, chini kidogo ya mita moja, akakitupa. Kwenye flashi akajaza pengo kwa filamu safi kutoka simu ya binti yake, na kiungo hakikuonekana hata kidogo. Moyoni alijipongeza sana. Kiherehere, mama yake alikuwa akisema, kitakuponza.

Alhamisi Mwalimu akapita kuulizia. Bisibisi akamwambia imetoka safi.

"Ile sehemu ya hali ya hewa imetoka?"

Bisibisi akaficha mikono nyuma. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akaeleza taratibu. Marehemu baba yao ndiye aliyebonyeza kitufe. Yeye na mdogo wake walilia siku mbili, kisha wakacheka miaka thelathini. Kila Jumamosi saa kumi alasiri waliiweka filamu hiyo, na yule bwana aliposema watu watembee na miavuli, Nesi alimgeukia dada yake akamwambia jambo lile lile kwa utani.

"Na mpaka leo anasema," Mwalimu akasema. "Hapo tu ndipo ananiita dada. Sekunde arobaini kwa wiki. Zilizobaki zote mimi ni mpangaji."

Hapo ndipo mwanamume angesema ukweli. Lakini wapi. Akajisikia akisema ndiyo, Mwalimu, imetoka, na Mwalimu akashukuru, akamwomba aje mwenyewe Jumamosi aiweke, kwa sababu yeye mambo ya flashi hayajui.

Mwalimu alipopinda tu kona, Bisibisi alitoka mbio, bisibisi mkononi. Tepe zote mbovu za kibandani kwake huchukuliwa na Mama Bustani, jirani yake, kila Jumatano. Huzifunga kwenye vijiti juu ya mboga zake. Upepo ukivuma zinang'aa na kuvuma, na ndege hawathubutu kutua. Kuzifikia, nyingine zilikuwa mpya, nyingine za mwezi uliopita, zimetapakaa bustani nzima, na Mama Bustani alikuwa akimwagilia maji. Alipomwona fundi anapima tepe kwa mikono huku anaongea peke yake, alimuuliza kama mke wake anajua hali yake.

Vipande vilivyokaribia mita moja vilikuwa sita. Alivifuta maji, akavifungua mafundo, akavipitisha kwenye deki kimoja kimoja. Cha nne kilionyesha tai, nusu sekunde, na sauti iliyosema "nyunyu". Kisha chengachenga tupu. Akarudia, hata tai haikutokea tena.

Ijumaa hakula. Alipiga simu kituo cha televisheni, akapokewa na dada mmoja mpole aliyemuuliza nani anaweka utabiri wa mvua iliyokwisha kunyesha. Mara tatu alishika njia ya kwenda kwa Mwalimu akaungame, mara tatu miguu ikamrudisha. Hakuogopa kugombezwa, angegombezwa tu. Aliogopa kwamba mama wa watu alibakiwa na mlango mmoja kwa mdogo wake, naye ndiye aliyeuziba, tena kwa ustadi.

Jumamosi saa kumi alikuwa sebuleni kwao. Nesi alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa aende zake. Bisibisi alichomeka flashi mara mbili ndipo ikaingia. Filamu ikaanza. Nesi alicheka kijana alipoandika majibu ya uongo kwenye mtihani, akacheka mkate ulipomwangukia mkuu wa shule. Mwalimu alikuwa haitazami televisheni. Alikuwa akimtazama mdogo wake.

Dansi likaanza. Kijana akaanza kuvuka ukumbi. Hapo Mwalimu akasogeza kiti, akaweka mkono wake kwenye kochi, kiganja juu, akangoja. Bisibisi alipouona mkono ule aliomba umeme ukatike, na siku ile umeme, mshenzi, haukukatika.

Kijana akavuka ukumbi wote. Akafika. Akasema maneno yake matamu ambayo dunia nzima inayapenda, na binti wa mikate akampa mkono. Nesi akakunja uso. Akamtazama kijana, akatazama pazia, akatazama ule mkono kando yake.

"Mpangaji," akasema, "hawa ni kina nani?" Akaushika mkoba, akainuka. "Mimi nataka kwetu."

Mwalimu akageuka polepole kumtazama Bisibisi. Naye akaisimamisha filamu.

"Mwalimu, nimeikata," akasema. "Nilidhani ni uchafu. Haipo tena."

Mwalimu alikifunga kile kiganja, basi. Angemchapa ule mkongojo ingekuwa nafuu. Nesi alishafika mlangoni, anapapasa kitasa, analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Bisibisi hakujua ameamua saa ngapi. Alijikuta amesimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, kama siku zile aliposimamishwa mbele ya darasa asome kwa sauti na herufi zikamkimbia. Akafumbua mdomo.

"Na sasa, wapendwa watazamaji, ni hali ya hewa."

Nesi akaacha kitasa.

"Nyanda za juu zitakuwa na mawingu asubuhi, na vipindi vifupi vya jua." Mara kumi na mbili alizomsikiliza yule bwana zilikuwamo kichwani zote, hata pale anapokohoa, naye akakohoa. "Kusini kutakuwa na upepo wa wastani. Manyunyu yanatarajiwa maeneo mengi. Wananchi wanashauriwa kutembea na miavuli."

Nesi aligeuka. Uso ulikuwa umetulia, mwingine kabisa.

"Dada, umesikia?" akasema. "Chukua mwavuli."

"Nimesikia, mdogo wangu," Mwalimu akasema, akakifungua tena kiganja.

Nesi akarudi akakaa, akaushika mkono wa dada yake, akaucheka kwa namna ulivyozeeka. Akaanza kumuuliza kama baba ameshazima taa ya jikoni.

Utabiri ulikuwa umekwisha. Sekunde arobaini zilikuwa hizo, na Bisibisi hakuwa na neno jingine. Papo hapo akaona macho ya Nesi yanaanza kutangatanga, yanaelekea tena mlangoni.

Ndipo akasikia kidole. Mwalimu alikuwa akigonga mkono wa kiti, taratibu, bila kumtazama, vile vile alivyokuwa akigonga meza zamani mtoto akikwama katikati ya sentensi. Maana yake ilikuwa moja tangu hapo: endelea.

"Jumapili," Bisibisi akasema, "manyunyu yataendelea." Nesi akamgeukia dada yake. "Jumatatu, mvua kubwa kidogo. Jumanne hali kadhalika." Akamaliza wiki, akaingia wiki ya pili. Akanyesha mvua milimani, akanyesha mabondeni, akatangaza mawingu mahali ambapo hapapo kwenye ramani yoyote, na kila alipotaka kuvuta pumzi aliogopa, akaivuta nusu, akaendelea.