Ngazi Kumi na Tisa

Kila Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, watu kumi na wawili walipanda ngazi kumi na tisa kwenda kujifunza Biblia katika ukumbi wa juu wa parokia, na Fundi alibaki chini. Alikiegesha kiti chake cha magurudumu kwenye kivuli cha ukuta, akafunga breki zote mbili, akafungua Biblia mapajani na kutazama dirisha la kwanza kushoto. Hapo alikaa mkewe, mshonaji mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na kazi yake ilikuwa kupokea maneno ya mumewe kutoka chini na kuyafikisha mezani.

"Fundi anasema neno lililomgusa ni 'inuka'," hutangaza mkewe.

"Asante, Fundi," wote huitikia kuelekea dirishani, kisha wanaendelea na mwingine.

Ukumbi ule aliuezeka yeye. Miaka minne nyuma alikuwa amebakiza kofia ya paa tu, lile bati la kufunika kilele, mguu ukateleza, na kwa kuwa kamati haikuona haja ya mkanda wa usalama, akashuka kwa njia ambayo mafundi hawaipendi. Miguu haikumsikiliza tena. Siku ya kubariki ukumbi jina lake lilitajwa kwenye sala za waumini, baada ya kuombea mvua na kabla ya kuombea viongozi.

Kabla ya hapo alikuwa Mkatoliki wa kawaida tu. Alikuja Jumapili, akasinzia mahubiri yalipoanza, akaamka kwenye sadaka. Kitandani hospitali ndipo alipofungua Biblia, mwanzoni kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusoma, baadaye kwa sababu hakuweza kuiacha. Alikuta humo mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwambia, akakasirika kwamba watu walikaa nayo kimya miaka yote hiyo. Alitoka hospitali na daftari zima la maswali, akitaka kitu kimoja: kukaa kwenye meza moja na wenzake, uso kwa uso, ayaulize.

Mwanzo walimbeba. Wanaume wanne, kila mmoja na pembe yake ya kiti. Wiki ya tano walimtua ngazi ya kumi na moja wakapumzika, wakaanza kuzungumza habari za mpira, na huko juu sala ya kufungua ikaisha bila yeye.

"Nirudisheni chini," Fundi aliwaambia. "Mimi si kabati."

Tangu siku hiyo akakataa kubebwa, ng'o. Aliiandikia kamati barua kuomba njia ya mteremko ya zege upande wa nyuma, kwenye kilima, na akaambatanisha mchoro wenye vipimo vyote, maana kazi anaijua. Mwenyekiti wa kamati, mmoja wa wale kumi na wawili, mstaafu wa ofisi ya ardhi ambaye bado alitembea na muhuri wake mfukoni, alijibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Alijibu hivyo mara saba. Kati ya jibu la nne na la tano alimletea kundi la maombi limwekee mikono apone.

"Sijaomba kupona," Fundi alimwambia. "Hiyo barua nyingine ni ya mbinguni, waachie wenyewe. Hii ni ya kwenu."

Mwalimu wa darasa alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mpole asiyependa haraka. Somo lilisomwa mara tatu, watu wakanyamaza, kila mmoja akataja neno lililomgusa, kisha wakashirikishana. Alhamisi moja walisoma habari ya yule aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walishindwa kumpitisha mlangoni kwa wingi wa watu, wakapanda juu ya nyumba, wakatoboa paa na kumshusha mbele ya Yesu.

Walipoanza kuisoma mara ya tatu, misumari ya paa ilianza kutoka. Ilitoka mmoja mmoja, bila fujo, ikajipanga kwenye kizingiti cha dirisha. Mabati manane yakasogea pembeni. La tisa likashuka mpaka chini, likajipenyeza chini ya magurudumu ya Fundi, likapanda naye. Alilipigilia mwenyewe bati lile, na lilimbeba bila kuyumba. Alipopita dirishani mkewe alimpa miwani aliyokuwa ameisahau nyumbani. Bati likamtua kati ya meza na kabati la vitabu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Fundi.

"Milele, amina," walijibu, wakasogeza viti.

Mwenyekiti alitazama juu, mbingu ikiwa wazi kabisa. "Na mvua ikinyesha?" aliuliza.

Wakaendelea na somo. Zamu ya Fundi ilipofika, kwa mara ya kwanza tangu akatae kubebwa alizungumza bila kupiga kelele.

"Mimi nimeguswa na mlango," alisema. "Habari hii nimeisoma pale chini sijui mara ngapi, na siku zote nilikuwa nawatazama wale wanne. Leo nimewatazama waliojazana mlangoni. Wale hawakuwa wapagani, jamani. Hawakuwa maadui zake. Walikuja kusikiliza Neno, kama sisi. Wakalisikiliza kwa bidii hiyo, na nyuma yao kuna mtu kalala kwenye mkeka hawezi kupita, na hakuna aliyegeuka."

Mwalimu alivua miwani akaifuta. Alisema amefundisha somo lile miaka mingi na jambo hilo hakuwahi kuliona. Watu waliliandika kwenye madaftari, Mwenyekiti naye akaliandika, kwa hati nzuri. Fundi alifurahi, acha tu. Alibishana na Mwalimu kuhusu mateso ya Ayubu mpaka akashindwa, na alifurahi zaidi kwa kushindwa, maana alishindwa akiwa amekaa mezani.

Bati lilimrudisha chini, likabaki uani. Misumari haikurudi yenyewe.

Ijumaa kamati iliita mafundi wapigilie misumari mirefu zaidi. Alhamisi misumari hiyo nayo ikatoka. Wakaweka vigae, navyo vikajipanga pembeni kwa mafungu ya kumi. Wakamwaga zege, nalo likafunguka katikati kwa adabu, bila hata kudondosha vumbi kwenye vitabu. Somo lolote lililosomwa, likifika mara ya tatu, paa lilikuwa wazi na Fundi yuko ndani. Wiki ya nane alimwonyesha Mwenyekiti kwenye karatasi kwamba zege na nondo zilizokwisha kupandishwa juu zingetosha njia tatu za mteremko.

"Njia ya nini tena, Fundi?" alisema Mwenyekiti. "Si unaingia? Mungu mwenyewe ameshalishughulikia." Akatoa muhuri, akaigonga ile barua ya kwanza, akaiweka kwenye faili la mambo yaliyokwisha.

Wiki ya tisa akaja Bibi mmoja, mpishi mstaafu wa shule, anayetembea kwa magongo mawili, Biblia yake ikining'inia shingoni ndani ya mfuko wa kitambaa. Alikuwa amesikia habari. Alizitazama ngazi, akamtazama Fundi, akajifuta jasho.

Bati likaja kwa wakati wake, likaingia chini ya magurudumu.

"Panda na wewe, Bibi," alisema Fundi.

Bibi aliweka gongo moja juu ya bati, nalo likalala chini, tuli. Alipoliondoa, likainuka. Walijaribu mara tatu. Lilikuwa tayari kumbeba Fundi peke yake.

Mwenyekiti alikuwa akitazama kutoka dirishani. "Vuta subira, Bibi," alisema kwa upole. "Huenda na wewe una bati lako linakuja."

"Nenda tu, mjukuu wangu," Bibi alimwambia Fundi. "Nitasikilizia hapa hapa chini. Nimezoea."

Lile neno la mwisho lilimuuma Fundi kuliko siku aliyoanguka. Aliona aibu, maana wiki nane nzima alikuwa akipanda huku akijua barua yake iko kwenye faili. Kisha hasira zikampanda, akafunga breki, moja, mbili.

"Sipandi," alisema.

Mvua ikaanza, nyepesi kwanza, halafu ya kweli. Huko juu paa lilikuwa wazi kama kawaida.

"Fundi, panda basi tumalize somo, tunalowa!" aliita Mwenyekiti.

"Nitaingia na huyu Bibi, kwa njia ya chini, kama watu," Fundi alijibu, na safari hii hakuhitaji wa kumfikishia. "Mungu hakunipandisha ili msijenge, Mwenyekiti. Alinipandisha ili mnione. Mmeniona mara nane!"

Mwenyekiti akasema suala linafanyiwa kazi, akafungua mwavuli. Somo likaendelea. Mkewe Fundi alifunga Biblia yake, akashuka ngazi zote kumi na tisa, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa karibu na Bibi. Bati likainuka likasimama hewani juu ya vichwa vyao watatu, na hawakulowa. Walisoma ile habari ya mjane aliyemsumbua kadhi mpaka akamchoka, na Bibi alikuwa na mengi ya kusema kuhusu makadhi aliowajua.

Ijumaa kamati ilikutana na kuamua kununua miavuli kumi na mmoja, yenye jina la parokia.

Alhamisi iliyofuata watu waliobaki chini walikuwa saba, na Mwalimu alikuwa mmoja wao, na kiti alichokishusha mwenyewe. Fundi alifika saa kumi kamili. Hakukaa ukutani. Alikiegesha kiti chake mbele ya ngazi ya kwanza, katikati, hivi kwamba kila aliyetaka kupanda ilibidi asimame, amtazame usoni na kusema, "Naomba njia, Fundi." Fundi alimpisha. Kisha alikirudisha kiti palepale, akamngoja anayefuata.