Saba Iliyogeuka Moja

Tecla alirudi kutoka kanisani Kimulot akakuta seng'enge imepita katikati ya shamba lake la chai. Upande wa pili, mashina aliyopanda pamoja na marehemu mumewe yalikuwa yameng'olewa, mizizi juu. Kipsang, mwenye duka aliyenunua shamba la jirani, alisimama hapo na vibarua wake.

"Mama, usinilaumu mimi," alisema. "Ofisi ya ardhi imeniambia wewe uko na ekari moja tu, hizi zingine ni zangu. Enda uulize."

Walipopimiwa mwaka wa 1964 zilikuwa saba. Hati yake iliteketea nyumba ilipoungua, lakini kumbukumbu ilibaki katika kitabu cha ofisi ya ardhi, na Tecla hakuwahi kuwa na wasiwasi nayo. Asubuhi iliyofuata alikwenda Kericho bila kutia kitu mdomoni. Hasira ilikuwa imemshibisha.

Karani Joab alifungua kitabu kikubwa cha mashamba. Paa la ofisi lilikuwa limevuja, na wino wa ukurasa ule ulikuwa umesambaa kama mafuta kwenye karatasi ya mandazi. Aliinama, akaweka kidole.

"Tecla Chepyegon. Ekari moja."

"Ni saba. Imemwagikiwa maji."

"Mimi nasoma kile naona, mama. Kama uko na hati, leta. Kama hauna, ni moja."

Alisema hivyo huku akikifunga kitabu. Tecla aliweka mkono wake katikati ya kurasa.

"Nisomee mstari ulio juu yangu. Ni wa Kipkoech, huyo amekaa kwa benchi nyuma yangu."

Joab alitazama, akakunja uso. "Huu hausomeki."

"Na wa chini yangu?"

"Pia hausomeki."

"Kwa hivyo mvua ilinyeshea ukurasa wote, ikaruka jina langu, ndiyo umsomee Kipsang?"

"Mama, punguza sauti."

"Sijaipandisha bado."

Kipkoech aliinuka kwenye benchi. "Zangu ni ngapi hapo?" aliuliza. Wengine waliokuwa wakingoja nao wakasogea, kila mmoja akitaka kuona mstari wake, hadi afisa wa ardhi akatoka chumba cha ndani kuuliza kelele ni za nini. Aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Mwishowe akakiri kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kuusoma, na kwamba mashamba yale yote yatapimwa upya.

"Andika hivyo," Tecla alisema, "na upige muhuri." Hakutoka mpaka akaipata karatasi mkononi.

Wapimaji walikuja baada ya mvua. Walichimba wakafikia mawe ya mpaka wa zamani, wakavuta kamba zao, na zikatoka ekari saba. Kipsang alikunja seng'enge yake akisema ni makosa ya karani. Tecla aliporudi Kericho kuandikwa upya, karani naye alisema ni makosa ya paa.

"Andika saba kwa maneno," alimwambia. "Namba peke yake sitaki."

Alisimama pale hadi wino ukakauka.

Lakini chai haikurudi. Miche mipya ingechukua miaka kabla ya kuchumwa, na hakuna aliyemwambia hata pole. Tecla alishika jembe akaanza kuchimba mashimo, na kila shimo alilipiga kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji.