Ardhi Kavu Chini ya Dumu

Chuo cha afya ya jamii kilikuwa kidogo mno. Mwalimu akipiga chafya darasa la mwaka wa kwanza, wa mwaka wa pili wanamwambia pole. Kilikuwa na madarasa mawili, stoo iliyogeuzwa maabara, na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, na huyo mmoja ndiye tunayemfuata: dada mtu mzima, mkubwa kuliko wenzake wote. Uani kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi, wapangaji walimbandika jina la Bibi Afya tangu siku aliyoshika glasi ya maji akauliza, "Yamechemshwa na nani?"

Siku hiyo Bibi Afya aliamka roho juu juu. Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa miezi miwili awazoeze watu wa ua mmoja kunawa mikono wakitoka chooni. Bomba hakuna, kwa hiyo alitundika dumu kwenye nguzo, akalitoboa tundu, akateremsha kamba mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, wala mkono haugusi kitu. Sabuni aliitundika kwa uzi kwenye msumari, upande wa kushoto. Anayeanguka vitendo anarudia mwaka mzima, na yeye alishachoka kuitwa "mama" darasani na watoto wa wenzake.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Miezi yote miwili alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafua zake, macho yako kwenye mlango wa choo. Mtu akitoka akapitiliza, hakumgombeza. Alikohoa tu.

"Nimesikia, nimesikia!" alikuwa akisema fundi cherehani, mwanamke mpangaji wa chumba cha pili, huku akirudi nyuma. "Kifua hicho kitibiwe!"

Basi asubuhi hiyo alikwenda chuoni kumleta mkaguzi. Kumbe alivyotoka tu, shangazi yake akawakusanya wanawake wote wa pale uani.

"Wageni wanakuja kumwona mtoto wetu," akasema, kanga ameikaza kiunoni. "Leo hatumwaibishi. Hebu tazameni matope haya! Na hicho kisabuni, chembamba kama ulimi wa paka!"

Wakashika mafagio. Matope ya chini ya dumu wakayazoa, wakamwaga mchanga mkavu, wakausawazisha kwa ufagio wa chelewa mpaka ukapendeza. Dumu wakalisugua likawa jeupe pe, wakalijaza pomoni. Kisabuni kikatupwa, na mche mpya ukawekwa kwenye kisahani, upande wa kulia, pamoja na ua moja jekundu.

Bibi Afya alipoingia na wageni, aliona mara moja.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba, kalamu kaichomeka sikioni. Alichuchumaa chini ya dumu, akazamisha kidole mchangani. Pakavu. Akashika sabuni, maandishi ya kiwandani bado yamesimama. Akapima dumu kwa mkono, limejaa. Mwalimu wa chuo, mama mnene mwenye huruma, akaanza kutazama angani.

"Hiki kimepambwa," mkaguzi akasema taratibu. "Hakitumiki."

"Hakitumiki?" Shangazi akaruka. "Baba, hapa palikuwa na matope ya kufika kwenye kifundo! Tumeyazoa kwa heshima yako!"

"Yako wapi?"

Fundi cherehani akatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba, akarudi anahema, karai kichwani. "Haya hapa! Shika mwenyewe, bado mabichi!"

"Dada yangu, matope ya kwenye karai nitayapaje alama?"

"Basi tunanawa sasa hivi, utuone," wakasema wengine, na wameshajipanga foleni, mikono mbele.

"Mkinawa mbele yangu, mnaninawia mimi."

Wote wakamgeukia Bibi Afya, wakingoja alie au agombe. Yeye akavuta pumzi.

"Mkaguzi anasema kweli," akasema. "Hata mimi ningeandika sifuri."

"Mtoto huyu!" Shangazi akapiga kofi paja lake mwenyewe. "Unajichongea?"

"Shangazi, subiri. Mzee, naomba tukae robo saa, kimya. Chumba cha mwisho kuna mlinzi wa usiku. Amerudi alfajiri akalala, hajui kama kuna mtihani wala mgeni. Saa tano huamka mara moja tu, akaenda chooni, kisha akarudi kulala. Nimemwangalia miezi miwili."

Mkaguzi akatazama saa yake. Akavuta ndoo, akaikalia.

Wakakaa wote. Shangazi akajiziba mdomo kwa pindo la kanga, maana alikuwa anajijua. Inzi alipita, kila mtu akamsikia.

Mlango wa mwisho ukalia. Mlinzi akatoka na taulo kiunoni, macho amefumba nusu, akaburuta ndala mpaka chooni. Akakaa huko, wakamngoja. Alipotoka, macho sasa ameyafumba kabisa. Mguu wake ukakiona kijiti wenyewe, ukakanyaga. Maji yakachirizika. Mkono wake wa kushoto ukapanda moja kwa moja mpaka kwenye msumari, ukashika hewa. Ukashika tena. Hewa.

"Nani amehamisha sabuni?" akanguruma. "Nyumba gani hii, mtu hawezi hata kunawa kwa amani!"

Akafumbua jicho moja, halafu la pili. Akaona wanawake kumi na mmoja juu ya ndoo, mwalimu, na mwanamume asiyemjua akiandika. Akalikaza taulo.

"Kuna msiba?" akauliza kwa sauti ndogo.

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

"Mkono ule," akasema akifuta machozi, "haukufundishwa leo asubuhi. Kumi na saba kwa ishirini. Umefaulu, binti. Tatu nimekata kwa mapambo."

"Tatu zote? Kwa mchanga tu?" Shangazi akadai.

"Na ua, mama."

Vigelegele vikaanza. Mlinzi akaanza kurudi chumbani kwake, mikono iliyolowa ameiinua. "Jamani, mimi usiku nina zamu! Shangilieni polepole!"

Bibi Afya akachukua ule mche mpya, akamfuata mbio, anacheka hata hatua zinampotea. "Kwanza sabuni, kaka. Hujamaliza."

Nyuma yao wanawake wakaendelea kumshangilia, viganja midomoni, vigelegele vya kunong'ona, mpaka fundi cherehani akashindwa kujizuia akapiga kimoja cha kupasua mabati.